Ubishi wa Eastlands: Kutoka Ukumbi wa Kaloleni hadi Simu ya Kiganjani

Jumapili, Aprili 23, 1950, Makhan Singh alisimama katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, akasema kwa sauti jambo ambalo wengi waliokuwamo walizoea kulinong'ona. Ulikuwa mkutano wa pamoja wa KAU, chama cha Waafrika, na chama cha kisiasa cha Wahindi wa Afrika Mashariki. Singh, katibu mkuu wa muungano wa vyama vya wafanyakazi, alitaka azimio la siku hiyo liongezwe dai moja: uhuru kamili, na uje sasa. Mei 15 alikamatwa pamoja na Fred Kubai, rais wa muungano huo. Kesho yake mji ukagoma, na mgomo ukadumu siku tisa, polisi wakirusha vitoa machozi katika Shauri Moyo na Pumwani. Singh alipelekwa kaskazini, Lokitaung kisha Maralal na Dol Dol, akaja kuachiliwa Oktoba 1961.

Nimeanza na Kaloleni kwa sababu tangu maandamano ya Juni 2024 imekuwa desturi kusema kwamba vijana wa Kenya wamejifunzia siasa kwenye simu. Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi ilimo Kaloleni, haiwezi kukubali maneno hayo kirahisi. Mitaa hii imebishana kuhusu serikali, Mungu na bei ya unga kwa zaidi ya miaka 80, na simu ilipofika ilikuta ubishi umekaa kwenye kiti chake. Ilichobadilisha ni jambo jingine, nalo ndilo linalonishughulisha hapa: nani analazimika kumtazama nani usoni wakati wa kubishana.

Hata kabla ya mitaa hii kujengwa, siasa za Nairobi zilipenda vyombo vipya. Harry Thuku, aliyewatikisa wakoloni mwaka wa 1921, alikuwa amepanga herufi katika kiwanda cha gazeti, kisha akawa mpokea simu wa Hazina. Alitoa karatasi ya Kiswahili iliyoitwa Tangazo. Alipokamatwa Machi 1922, umati uliokwenda kumdai nje ya kituo cha polisi ulimiminiwa risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Baadhi ya wafuasi wa Thuku walikuwa watu wa Pangani, kijiji cha Waafrika ambacho serikali ilikibomoa mwishoni mwa miaka ya 1930 ikawahamishia wakazi wake Shauri Moyo. Kwa hiyo Eastlands ilirithi watu waliokwisha kufukuzwa mara moja, na watu wa namna hiyo huwa na mengi ya kusema.

Nyumba nazo zilisaidia, ingawa waliozijenga hawakukusudia hivyo. Vyumba vya Muthurwa, Ziwani na Shauri Moyo vilipigiwa hesabu ya mwanamume asiye na mke, aliyekuja mjini kufanya kazi na ambaye siku moja angerudi kwao. Ndani mlikuwa na vitanda, jiko na sanduku la nguo, na wenzako wawili watatu wa zamu tofauti wanaotaka kulala. Anayetaka kuzungumza atoke nje. Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa na afadhali: nyumba za mawe zenye vigae vyekundu, za familia, miti katikati, na ukumbi wa jamii. Wazee wa pale wangali wanauita ukumbi ule bunge. Wanaotaka kujua kwa nini, waingie siku ya mkutano wowote, hata wa chama cha akiba, wasikilize jinsi mtu asivyoruhusiwa kukaa kabla hajajibu aliloulizwa.

Lakini wasitufanye tuutamani sana wakati ule. Mitaa kadhaa ya Eastlands ina majina ya watu waliouawa katikati ya ubishi. Tom Mbotela, aliyewahi kuwa naibu wa rais wa KAU na aliyepinga njia ya silaha, aliuawa Novemba 1952. Ambrose Ofafa, diwani na kiongozi wa Luo Union, aliuawa mwaka wa 1953. Ndiyo maana tuna Mbotela, na tuna Ofafa Maringo na Ofafa Jericho. Mtoto wa Jericho hutaja jina hilo kila anapomwelekeza mgeni, pengine bila kujua kwamba ni la marehemu. Waliokuwa wakikaa ukumbi mmoja na kukatana kauli walikuwa wamefika mahali pa kukatana vichwa. Aprili 24, 1954, serikali ya kikoloni ikaizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, ikakusanya zaidi ya watu 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru. Mitaa mingine ilibaki na nusu ya sauti zake.

Waliobaki walirudia mchezo haraka. Mwaka wa 1957 Tom Mboya, aliyekuwa amefanya kazi ya ukaguzi wa afya katika halmashauri ya jiji, alimshinda Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini, katika kiti cha Nairobi. Walioruhusiwa kupiga kura walikuwa wachache kwa sababu ya masharti ya elimu na mali. Waliokuja kusikiliza hawakuhitaji shahada ya kura. Mboya aliwajua hao. Baada ya uhuru aliendelea kuwa mbunge wao Nairobi hadi alipopigwa risasi mjini Julai 5, 1969.

Miaka iliyofuata nitaipita mbio, maana ni miaka ya milango kufungwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka wa 1980 Rais Moi aliamuru vyama vya kikabila vya ustawi vivunjwe. Hata mpira haukusalimika: Abaluhya ikawa AFC Leopards, na Gor Mahia, kwa muda, ikalazimika kujiita Gulf Olympic Rangers, jina ambalo sijamsikia shabiki akilitamka bila kucheka. Juni 1982 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Agosti 1 wanajeshi wa anga wakajaribu kupindua serikali, wengine wakitokea kambi ya Eastleigh, jirani kabisa na nyumba za watu. Baada ya hapo ukimya ulikuwa wa kujilinda. Kuanzia 1986 watu walikamatwa kwa kuhusishwa na kundi la siri la Mwakenya na karatasi zake. Siasa ilihamia kwenye redio: jioni ukasikiliza idhaa ya Kiswahili ya BBC au ya Ujerumani, sauti chini, kisha asubuhi ukauliza kwenye foleni ya matatu, "Umesikia?" Aliyejibu "Sijasikia kitu" alikuwa amesikia.

Mlango ulivunjwa katika uwanja wa Kamukunji. Kenneth Matiba na Charles Rubia, meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, waliitisha mkutano wa kudai vyama vingi siku ya Julai 7, 1990. Leseni ilinyimwa, wenyewe wakatiwa ndani siku tatu kabla. Watu wakaenda bila wao. Wiki chache kabla ya hapo vibanda vya Muoroto, karibu na stendi ya Machakos, vilikuwa vimebomolewa, na wengi waliofika Kamukunji hawakuhitaji kuelezwa maana ya kukosa sauti. Fujo zilidumu siku kadhaa na watu wasiopungua 20 wakafa. Desemba 1991 kifungu cha chama kimoja kikaondolewa katika katiba, na Januari 18, 1992 chama cha FORD kikajaza uwanja ule ule, safari hii kwa leseni.

Leseni hiyo inahitaji maneno mawili. Sheria ya utulivu wa umma, urithi wa mkoloni, ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamua nani azungumze wapi na saa ngapi. Bila karatasi yake mkutano wa hadhara ulikuwa kosa. Mageuzi ya 1997 yaliondoa leseni, ikabaki taarifa ya siku tatu kwa polisi. Anayetaka kujua kwa nini Mkenya aliipenda mitandao kwa pupa aanze hapo: kwa vizazi vitatu, kusema hadharani kulikuwa jambo la kuombewa ruhusa.

Wakati siasa ikibanwa, dini ilikuwa na nafasi pana zaidi, na Eastlands haikuacha kuitumia. Majengo ya Pumwani, mtaa wa misikiti na wa Kiswahili kuliko mitaa yote ya Nairobi, unapakana na makanisa ya zamani. Mihadhara ya Waislamu na Wakristo, iliyoshika kasi Tanzania katika miaka ya 1980, iliingia Kenya na utaratibu wake. Mhubiri hasomi mwenyewe. Pembeni amesimama msomaji, Biblia ya Kiswahili mkononi. Mhubiri anataja sura na aya, anaamuru, "Soma hapo," msomaji anasoma, mhubiri anamkatiza katikati ya sentensi, "Rudia!" Mkristo aliye upande wa pili anadai isomwe na aya ya nyuma yake, maana imekatwa, na umati unasubiri kurasa zifunuliwe. Sijui shule bora ya kubishana kuliko ile. Uchokozi ulikuwapo, na wakati mwingine mawe. Lakini kitabu kilikuwa kimefunuliwa mbele ya watu wa pande zote mbili, na mwongo aliumbuka papo hapo.

Leo vipande vya mihadhara hiyo vinazunguka kwenye simu, na mara nyingi mkataji anakata pale mpinzani anapofungua mdomo. Kilichobaki ni ushindi bila mechi. Upande mwingine, simu imempa sauti asiyeamini kabisa, mtu ambaye katika mtaa wenye kanisa kila ghorofa hangethubutu kusimama. Chama cha wasioamini Mungu nchini Kenya kilisajiliwa Februari 2016, usajili ukasimamishwa miezi miwili baadaye baada ya malalamiko, kikarudi kupitia mahakama. Bila mitandao sidhani wanachama wake wangejuana.

Siasa nayo ilijitafutia kiti. Bunge la Mwananchi lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwenye viti vya bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji. Bustani yenyewe ilikuwa imeponea chupuchupu mwaka wa 1991, Zarina Patel alipoongoza upinzani dhidi ya mpango wa kuifanya maegesho ya magari. Waliokaa pale wengi walitoka Eastlands kwa miguu kutafuta kibarua, hawakukipata, na hawakutaka kurudi nyumbani mapema. Palikuwa na spika, palikuwa na hoja ya nidhamu, palikuwa na mzee wa kukukumbusha ulisema nini wiki iliyopita. Askari wa jiji waliwafukuza mara kwa mara, nao wakarudi. Baadaye mabunge ya aina hiyo yakachipuka mitaani na katika miji mingine.

Kasoro yake iliyokuwa kubwa kuliko zote ilionekana kwa macho: ulikuwa mkutano wa wanaume. Msichana aliyepita karibu alirushiwa maneno, hakusogezewa kiti. Ndivyo ilivyo pia kwenye base, ile kona ya mtaa ambapo vijana hukaa juu ya jiwe au tairi kuukuu, wakitafuna miraa na kuchambua dunia. Dada zao wako nyumbani, au wanauza mboga hatua kumi kutoka hapo, wanasikia kila neno na hawaulizwi.

Intaneti iliingia mitaani kwa dakika. Saiba za mwanzo zilitoza kwa dakika, ukiandika barua pepe huku jicho moja liko kwenye saa ya kompyuta. Kabla haijaenea, ujumbe mfupi ulituonyesha ubaya wa simu: baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, simu zilijaa chuki za kikabila, zikipita kutoka mkono hadi mkono bila jina la mwandishi. Huruma na Dandora zinakumbuka. Mwaka wa 2008 ikatungwa sheria ya kuunda tume ya uwiano na utangamano, NCIC. Katika kipindi hicho Ghetto Radio ikaanza kurusha kwa Sheng, na ubishi wa base ukasikika hewani kwa lugha yake. Nyaya za chini ya bahari zikafika mwaka wa 2009, zikafuatwa na simu za bei nafuu. Ilipofika 2013 matatu ya Buruburu ilikuwa na watu kumi na wanne walioinamisha vichwa.

Kuna uwanja mmoja ambapo zama hizi mbili zilikutana, nao ni Jacaranda, Embakasi. Pana bunge la wananchi la pale lililopata umaarufu katika mvutano wa 2017. Novemba 28 mwaka huo, Uhuru Kenyatta akiapishwa Kasarani, polisi waliuzingira uwanja huo kuzuia mkutano wa upinzani. Wabishi wa Jacaranda waliendelea kukutana, na wakaja vijana wenye chaneli za YouTube na simu zao kwenye vijiti. Tazama rekodi hizo kwa mpangilio wa miaka. Hapo mwanzo msemaji anamwelekea mwenzake, anamnyooshea kidole, anajibiwa. Baadaye duara linafunguka upande mmoja, upande wa kamera, na msemaji anazungumza na mtu asiyekuwapo: Mkenya wa Dallas, rais, mkubwa wa chama. Aliyesimama nyuma yake anatikisa kichwa tu. Mimi naona hapo ndipo tulipopoteza kitu, mapema kuliko TikTok tunayoilaumu.

Kisha ikaja Juni 2024, na nikalazimika kuipunguza hukumu hiyo. Mswada wa Fedha ulipendekeza, pamoja na mengine, VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa mazingira ambao wengi walihofu ungepandisha bei ya nepi na sodo. Hati yenyewe, ndefu na ya kisheria, ikapita kwenye WhatsApp, na vijana wakaifafanua kifungu kwa kifungu kwenye TikTok, kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani. Usiku mijadala ya sauti ya X iliendelea hadi majogoo.

Jioni moja ya mwezi huo, katika saluni ya Umoja iliyo pamoja na kinyozi, simu ilikuwa imewekwa kwenye rafu ya kioo, imeunganishwa na spika ndogo. Kinyozi alikuwa amezima mashine, mteja amenyolewa nusu ya kichwa, wote wawili wanasikiliza wakili akieleza hatua za mswada bungeni. Upande wa pili binti aliyekuwa akisukwa, mistari mitatu tayari na nywele nyingine zimesimama, aliomba nafasi ya kuzungumza kwenye simu yake mwenyewe. Msusi akamwambia, "Usitikise kichwa, dada." Akapewa kipaza sauti. Alizungumza dakika mbili kuhusu bei ya sodo, na namna mdogo wake anavyokosa shule siku zile za mwezi, kwa maelfu ya watu asiowajua. Wanaume wa upande wa kinyozi wakanyamaza. Maneno yale hayakuwa na mahali pa kusemewa kwenye base, wala Jeevanjee, na sina hakika kama yangesemwa Kaloleni ya 1950.

Juni 25 wabunge 195 waliupitisha mswada, 106 wakaukataa, na waandamanaji wakaingia bungeni. Jioni ile intaneti ililegea nchi nzima, siku moja tu baada ya mamlaka ya mawasiliano kuahidi haitaizima. Kesho yake Rais Ruto akatangaza hatatia saini. Julai 5 yeye mwenyewe alijiunga na mjadala wa X, akaulizwa maswali na vijana bila itifaki. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, baadaye ilihesabu takriban watu 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka huo.

Kwenye base, aliyekuchokoza unamjua na mama yake. Ukizidisha, mzee atakuita pembeni. Mtandaoni anayekusoma unaweza usimjue kamwe, naye akakujua hadi kijijini kwenu. Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa Homa Bay mapema Juni 2025 kwa malalamiko kuhusu maandishi ya X yaliyomtaja naibu inspekta jenerali wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi usiku, na asubuhi ya Juni 8 akawa amekufa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Maelezo ya kwanza ya polisi, kwamba aligonga kichwa ukutani, yalipingwa na uchunguzi wa maiti. Watu walimiminika barabarani kwa ajili ya mtu ambaye wengi wao hawakuwahi kuonana naye, kama watu wa Pumwani walivyogoma kwa ajili ya Singh, isipokuwa wale wa Pumwani walikuwa na nafasi ya kumsikia akizungumza.

Julai 7, 2025, miaka 35 kamili baada ya Saba Saba ya kwanza, ile ya Kamukunji, polisi walifunga barabara za kuingia katikati ya jiji. Watu wa Eastlands walikwama mitaani kwao. Maandamano yakawa ya pembezoni, na KNCHR ikaripoti vifo zaidi ya 30. Oktoba 15 Rais alitia saini marekebisho ya sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vifungu. Mkuu wa wilaya na karatasi yake hayupo tena, lakini swali la nani aruhusiwe kusema nini bado linaamuliwa ofisini, safari hii baada ya mtu kusema.

Sasa uchaguzi wa 2027 uko mbele, na bunge lenye wabishi wengi kuliko yote Eastlands ni kundi la WhatsApp la ploti. Mwongozo uliotolewa Julai 2017 ulisema msimamizi wa kundi atawajibika kwa yanayosambazwa humo, na wasimamizi hawajasahau. Katika kundi letu msimamizi ni mama mmoja mstaafu ambaye ameandika juu kabisa: hapa ni maji, taka na usalama, siasa hapana. Maji yetu huja Jumanne na Ijumaa. Ikifika Jumanne jioni mifereji mikavu, swali la kwanza ni nani ana mtungi, la pili ni diwani yuko wapi, na la tatu ni nani alimpigia kura. Mama huandika, "Watoto wangu, someni sheria ya kundi," kisha dakika chache baadaye anatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne kuhusu diwani.